Kidole Gumba Kwenye Tope

Jirani yangu H'Lan anadai kwamba alfajiri aliwaona vijana wetu sita wa msituni wakipanda kutoka kwenye chemchemi, pekupeku. Anaapa wamemfuata kaka yangu, mpiganaji mwenzao anayeuguza jeraha kwenye kibanda cha shamba la mpunga.

"Na wewe unakagua matope kama umedondosha mchumba," alinicheka, akajitwika kapu lake la vibuyu, akaenda zake.

Nilichuchumaa pale chemchemini. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu kweli. Lakini Mjarai, mtu wa kabila letu la milimani, akipanda utelezi hukita kidole gumba mpaka kichimbe tope. Hivi vidole vilikuwa vimelala sawasawa kama vimechorwa, na miguu yote ilikuwa ya kipimo kimoja. Tulishasikia kuhusu makomando wa adui wanaofunga chini ya buti nyayo za mpira zenye umbo la mguu mtupu, ili wadhaniwe ni watu wetu.

Migomba mwitu ikatikisika. Akatoka mwanamume mwenye nguo nyeusi kama zetu, na bunduki kama ya kaka.

Kibuyu changu kilijaa chini ya bomba la mwanzi linaloleta maji ya chemchemi, kikafurika. Sikukiondoa.

"Dada," alisema kwa lugha yetu, taratibu, "tuna dawa ya mwenzetu aliyeumia. Hebu tuonyeshe alipo."