Ngano ya Matanga

Ngano ya matanga ilikuwa inachemka jikoni, na nyumba nzima haikuwa na msiba.

Bwana Scarlat alisimama mlangoni akainusa. Kwao Romania ngano ya asali hupikiwa marehemu tu. Smaranda mwenyewe, mpishi aliyemlea, ndiye aliyemfunza hayo utotoni, alipomchapa mkono kwenye matanga ya babu kwa kugonganisha glasi. Mvinyo wa marehemu haugonganishwi. Humwagwa tone chini kwanza.

"Nani kafa, Smaranda?"

Mpishi hakugeuka. "Bado hajafa, bwana mkubwa."

"Sasa unampikia nani?"

"Nimekatazwa kusema."

Moyo ukamlipuka. Kumbe huyu mama anapokea amri za watu wengine! Mwezi uliopita polisi walivamia ghala la mvinyo la Scarlat, wakawazoa vijana wa Udugu aliowaficha humo, wale wa mashati ya kijani waliokuwa wakivunja maduka ya Wayahudi na kuuita uhuni huo ibada. Siri ya ghala waliijua wachache mno. Vijana walipigwa hadi wawili wakafia ndani. Scarlat naye alishikwa, ila kabla ya chakula cha jioni alikuwa kwake anaoga. Mjukuu wa watawala hawezi kulala rumande. Jina la ukoo lilitosha, naye aliona ni haki yake.

Udugu uliapa kwamba msaliti akijulikana, haoni kesho. Na leo wakubwa wa Udugu wanakula mchana hapa hapa. Je, kama mwanamke huyu ameshawauza tena?

Akaenda mbio ukumbini. Octavian, mkuu wao, mwalimu wa zamani mwenye sauti ya upole, alikuwa ameshakaa mezani na wenzake. Scarlat akamwinamia sikioni.

"Msaliti nimempata. Yuko jikoni kwangu."

"Usihangaike, ndugu yangu," Octavian akasema, akimvutia kiti. "Sisi tulishampata tangu juzi. Kaa, tunywe kwanza."

Scarlat akashusha pumzi. Hawa watoto wa wakulima, kumbe si wazito kama alivyowadhania. Alimwonea Smaranda huruma kidogo, lakini afanyeje, kajitakia mwenyewe.

Mvinyo ukamiminwa. Octavian akainua glasi, na wote wakainua. Scarlat akanyoosha yake kwa tabasamu, aigonganishe na ya jirani.

Jirani akaivuta glasi yake kando. Kisha mmoja mmoja, bila kumtazama, wakamwaga tone sakafuni.