Joto la Nyumbani

Siku hizi Makete hakuna kuni wala mkaa. Mtoto akirukaruka kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo, ndipo nyumba yao inapopata joto. Jumamosi, Sekela alimpeleka Lugano, bintiye wa miaka sita. Mama mkwe, mgonjwa wa kifua, alibaki kitandani.

Lugano akaketi ghafla.

"Ruka, mwanangu. Bibi yako ataganda."

"Amenifinya. Amesema mimi mvivu kama wewe."

Kwenye runinga ya ukutani iliyoonyesha joto la kila nyumba, joto la nyumba yao likaanza kushuka. Jirani akapaza sauti: "Mama Lugano, kwenu kunapoa!"

"Nimeona, dada."

Sekela akaketi kando ya bintiye, akamfungulia juisi.

"Basi pumzika. Kunywa polepole, usije ukapaliwa."