Udongo Usilale Wazi

Enzi hizo udongo haukuruhusiwa kulala wazi. Kila jioni Jicho, kindege cha ukaguzi kisicho na rubani, lilipita juu ya bustani za watu, na bustani yenye ardhi tupu ilipewa jirani. Mboga hazikuuzwa tena popote. Nyasi nazo zilikuwa zimekwisha mji mzima, kwa hiyo Siwema alikuwa ameshatandaza kwenye mchicha wake makuti ya banda, kisha pamba za godoro, kisha kanga alizoolewa nazo.

Jioni hii kando ya bamia palikuwa wazi tena. Akasimama mlangoni, mgongo ukimuuma, akimtazama mama mkwe wake, Bi Mwanate, aliyelala mgonjwa juu ya mkeka wa ukindu.

"Uchukue tu, mwanangu," Bi Mwanate akasema bila kuombwa. "Mimi hakuna anayenikagua."

Siwema akamlaza taratibu kwenye sakafu, akaukatakata mkeka, akaufunika udongo. Jicho likaja, likamulika matuta yote.

"Hongera," likasema kwa upole. "Udongo wako umepumzika vizuri."

"Limesemaje?" Bi Mwanate akauliza kutoka sakafuni.

Siwema akajibwaga kizingitini, akafumba macho.

"Limesema tumepumzika, mama."