Huruma Inayoachwa Getini

Siku hizi madaktari wa dharura za watoto huacha huruma yao getini, kama mtu aachavyo mwavuli, ili mikono isitetemeke kazini. Wakitoka hurudishiwa.

Jioni hiyo Daktari Mwanaidi alikuwa nyumbani akinywa chai. Bintiye Salha akateleza barazani, akachubuka goti, akaangua kilio.

"Anayelia anapumua. Asubiri," alisema Mwanaidi, akichovya andazi.

Mumewe akacheka. "Mama Salha, leo huruma umeisahau getini, eti?"

"Nimeichukua, Baba Salha. Ninayo hapa."

Kicheko kikamkauka.

Barazani, Salha, aliyejua vizuri mama yake hukimbilia watoto gani, akanyamaza ghafla. Akalala chali, akafumba macho, akabana pumzi, akamsubiri.