Utuombee Sisi Wakulima

Mgeni aliingia studio na kandambili zisizofanana, akaomba kumwona mwenye sauti ya rozari.

Sadrack, fundi wa mitambo, alimwonyesha kwa kidevu. Mwenye sauti alikuwa Kavuo, mama wa kujitolea katika redio ya parokia pale Butembo, amekaa na sweta lake mbele ya maikrofoni akipitia maisha ya mtakatifu wa siku. Kila jioni alisimulia mtakatifu mmoja, kisha akaongoza rozari. Anasema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, ananyamaza, wasikilizaji wanamalizia huko waliko. Hajawahi kuwasikia. Anaupima ukimya kwa kujibu moyoni, basi.

"Ninaitwa Eliane," mgeni alisema. "Nimetoka ku pori. Balitukamata ku njia ya Mutwanga. Kule tulikuwa tunasikia sauti yako kila mangaribi."

Kavuo akamsogezea kiti. Kulikuwa na swali moja analowauliza wote wanaotoroka porini, na kila mara aliogopa kuliuliza. Mwanawe Jéthro alichukuliwa na waasi katika shamba lao la kakao huko Mutwanga, akiwa na miaka kumi na mitano. Sasa angekuwa kijana wa ndevu. Hakuna aliyewahi kumwona. Kavuo akaanzia mbali.

"Radio mulipata wapi?"

"Kulikuwa mutu moja mwenye iko nayo. Ni yeye tu alikuwa anaitikia rozari. Sisi tulikuwa kimya." Eliane akakunja uso, jambo lenyewe lilikuwa bado linamshangaza. "Lakini alikuwa anaitikia mubaya. Hapana 'sisi wakosefu'. Yeye anasema, 'utuombee sisi wakulima'."

Karatasi zikamdondoka Kavuo.

Jéthro aliisikia sala hiyo hivyo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, kati ya miti ya kakao, na kwake ilikuwa na maana kamili. Nyumba nzima ni wakulima. Mama wa Mungu awaombee nani tena? Baba yake alicheka mpaka akakohoa. Katekista alimrudisha nyuma ya mstari wa komunyo mara mbili, na mtoto hakubadilika. Hapakuwa na mwingine duniani wa kusali vile.

"Ule ni mutoto yangu," Kavuo alisema. "Eliane, ni mutoto yangu. Ni muzima?"

Eliane akamtazama Kavuo usoni, macho, pua, kidevu, kisha akatazama sakafu.

"Ni muzima."

"Anakula?"

"Anakula."

"Banamufunga kamba?"

"Hapana, mama. Iko bila kamba."

"Sasa kazi gani banamupa?"

"Anachunga."

Kavuo akafanya ishara ya msalaba. Waasi hupora mbuzi katika kila kijiji wanachopita, na lazima awepo wa kuwachunga. Tena siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, yule kijana aliyetekwa na maharamia, akachungishwa mifugo ugenini, akasali mchana na usiku mpaka sauti ikamwambia aende zake. Jina hilo hilo lilikuwa kwenye karatasi zilizotapakaa miguuni pake. Alilia kwa furaha, bila aibu yoyote, na Sadrack akajifanya anatafuta waya.

Redio ilikuwa na katazo moja kali. Hakuna kupitisha ujumbe kwa waliotekwa, maana waasi nao wanasikiliza na wanaoumia ni mateka. Kavuo alilitii miaka yote hiyo. Alikaa mbele ya maikrofoni inayofika mpaka porini, na hakuweza kumwuliza mwanawe hata kama amelala vizuri. Hilo lilimkondesha kuliko njaa.

Kavuo akaokota karatasi zake, Sadrack akainua kidole. Taa nyekundu ikawaka.

"Kijana Patrisi alichunga wanyama wa watu wengine," Kavuo alisoma, na sauti yake ilitulia kwa namna ambayo Sadrack hakuizoea. "Usiku mmoja sauti ikamwambia: inuka, nenda, mama yako yuko mlangoni anakungoja. Naye akawaacha wanyama palepale, akaenda."

Mama wa mlangoni hakuwepo kwenye karatasi.

Kisha rozari, punje kwa punje, nusu kwa nusu. Eliane alikaa pembeni ameshika magoti, hakufungua mdomo hata kwa Amina. Ilipofika Salamu Maria ya mwisho, Kavuo hakuacha ukimya. Aliijibu mwenyewe, polepole, akitamka kila neno: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakulima."

Sadrack aligeuka mzimamzima. Padri angesikia, bila shaka, na kesho kungekuwa na maneno. Na yawepo.

Taa ikazimika. Kavuo akaushika mkono wa mgeni wake, akaubusu.

"Amesikia," alisema. "Ninajua amesikia. Ataacha zile mbuzi, atakuya."

"Mbuzi gani, mama?"

"Zenye anachunga."

Eliane aliutoa mkono wake taratibu, akainama kutafuta kandambili zake chini ya kiti, akakaa hivyo hivyo ameinama.

"Kule hapana mbuzi, mama," alisema. "Ni sisi alikuwa anachunga."