Kitanda cha Kujifungulia

Waraka wa kufunga zahanati ndogo ulitokana na ripoti ya Tawakali mwenyewe, mchumi wa wizara, na siku ya utekelezaji alitumwa kusimamia mojawapo ikifungwa. Dawa na vifaa vilikwishaondoka na lori la kwanza. Kitanda cha kujifungulia kilikuwa kimepakiwa kwenye la pili pale mwanamke aitwaye Nyamizi alipofikishwa kwa baiskeli, uchungu umemkaba.

"Kishusheni kitanda," muuguzi, Sista Hawa, aliwasihi wapakizi.

Tawakali akampigia simu mkurugenzi wake kuomba ruhusa.

"Zahanati hiyo haipo tena tangu asubuhi," mkurugenzi alimjibu. "Likitokea la kutokea hapo, atawajibika nani? Wewe?"

Tawakali alikata simu.

"Mzee, si wewe ndiye uliyeandika ripoti ya kutufunga?" Sista Hawa alimuuliza. "Basi andika tena."

"Naweza kuandika hata leo, Sista. Lakini mpaka waraka mpya upite ngazi zote, ni mwaka mzima."

 Sista aliwaita wapakizi, wakambeba Nyamizi na kumlaza juu ya kitanda kilekile, ndani ya lori, waelekee hospitali ya wilaya. Naye Tawakali akapanda nyuma.

"Baba, ni mbali?" Nyamizi aliuliza huku akihema.

Zilikuwa kilomita arobaini na tatu. Kwenye ripoti yake, Tawakali aliuita umbali unaovumilika.

Lori likang'oka. Tawakali alipiga magoti, akaushika mguu wa kitanda kwa mikono miwili ili kisiteleze, na mbele yao barabara ilikuwa mashimo matupu.