Viti Viwili vya Chama cha Milimani

Katika mchezo wa bunge la mtandaoni, chama cha Mwaisha, Chama cha Milimani, kilikuwa na viti viwili tu kati ya mia. Siku ya muswada wa kukata msitu kura za vyama vingine zilifungana, na mchezaji aliyekuwa waziri mkuu akamwandikia: "Niokoe, nikupe uwaziri. Ukinikatalia, serikali yangu inaanguka."

Kidole gumba cha Mwaisha kilinata kwa utomvu wa mdalasini aliokuwa akiubandua magome na baba yake shambani Kinole. Akakifuta kwenye khanga, akabonyeza "Hapana" kwenye simu.

"Baba, nimeangusha serikali ya kwenye mchezo."

"Kwa viti vyako viwili?"

"Viwili hivyohivyo."

Mzee akaweka kisu chini, akageukia shamba la jirani na kupaza sauti: "Jamani, njooni mumwone binti yangu!"